Vitofali vya Sikuzani

Mimi nafyatua tofali Mangamba, inchi tano na inchi sita,
kwa hiyo usinifundishe tofali.
Tofali nalijua kwa kuligonga na ukucha:
linalolia ni zima,
linalonyamaza mpelekee adui yako.

Ndiyo maana jana usiku nilikaa mkekani na tochi
mbele ya vitofali vya mwanangu,
kama bwana afya aliyevamia bucha.

Vya kwanza alivileta shemeji yangu Esha,
aliyekuwa akifua nguo Shangani kwa watu wa gesi.
Walipohama waligawa: feni, godoro, mbwa,
na kopo la maziwa lenye vitofali mia moja na tatu.
Kila kinundu kimechongwa jina, herufi nne,
ndogo, hata miwani ya mke wangu inahangaika.
Fikiria mtu anayeweka sahihi
mahali ambapo ukishajenga hapaonekani tena.

Vya pili nilinunua mwenyewe dukani kwa Mnali,
msimu wa korosho, elfu kumi na mbili baada ya kuvutana.
Boksi lina picha ya gari la zimamoto
na jina linalofanana na lile jingine
kama binamu anavyofanana na marehemu.
Ngazi haikuwemo. Tairi zilikuwa tatu.

Nikapima.
Chenye jina juu ya chenye jina: tk.
Ukivuta kinakataa kwanza, halafu kinakubali,
kama mtu aliyelelewa.
Cha Mnali juu ya cha Mnali: kimoja kilibana
mpaka nikakitoa kwa meno,
cha pili kikakaa vizuri,
cha tatu kikacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.
Chenye jina juu ya cha Mnali: tk.
Nikarudia. Tk.
Hapo nikanyamaza kidogo.

Bei ya vile vyenye jina aliniulizia mpwa wangu Dar.
Boksi saizi hiyohiyo, laki mbili na nusu.
Mifuko kumi na tano ya saruji, na chenji ya chai!
Nikawatukana wenye jina.
Nikawatukana na wasio na jina, kwa ile tairi ya nne.

Lakini ulimi ulikuwa unanisuta.
Tofali zangu nazo hazina jina.
Wateja husema, "Ningekuwa nazo ningechukua za kiwandani,"
wanashusha bei, nami nashusha
kitu ambacho jicho halikioni:
mfuko uliokuwa ukitoa tofali thelathini
tangu Ramadhani unatoa arobaini na tano.
Ukuta wa Bi Lukia umejengwa kwa hizo.
Umesimama. Mpaka leo umesimama.

Sikuzani akaamka kwenda kukojoa.
"Baba, unanibomolea nyumba."

Kumbe ilikuwa nyumba.
Chini kaweka vyenye jina na vile vya Mnali vinavyobana,
kavichanganya bila kuuliza ukoo.
Vilivyolegea vyote kavipandisha juu kabisa,
"kwa sababu kule hakuna wa kuvikalia."
Ana miaka saba. Hakuna aliyemfundisha.
"Na hiki?" nikamwonyesha kile cha tatu.
"Hicho kuku. Kinakaa nje."

Nikairudisha nyumba yake,
nikakosea dirisha, akanirekebisha, akalala.

Asubuhi Chilumba anasukuma toroli la nne la mchanga,
nikamshika mkono. "Ishia la tatu."
"Bosi, hasara hiyo."
Nikaokota msumari.
Tofali la kwanza likiwa bado bichi
nikalikwaruza herufi moja,
upande ule ambao udongo wa fundi utaufunika.
Chilumba akanitazama kama mtu aliyepigwa na jua.

Tofali thelathini zimeanikwa. Nazimwagilia asubuhi na jioni.

Habari ya Bi Lukia bado sijajua nitaanzaje.
Siku hizi nikitoka kazini
napita njia nyingine.